Je, Ninachora kwa Ajili ya Watoto au kwa Ajili Yangu?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa darasa la tano, na huu ni mwaka wangu wa tisa kazini. Nimesita kwa wiki kadhaa kabla ya kukuandikia, kwa sababu jambo lenyewe, likitazamwa juujuu, ni la kitaaluma na lingeweza kumalizwa katika kikao cha walimu wa somo; lakini kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyoona kwamba linanigusa mimi binafsi kuliko linavyougusa mtaala.

Miaka mitatu iliyopita nilianza kufundisha mafumbo ya hesabu kwa kutumia michoro ya mistatili, ambayo wanafunzi wangu huiita vibao. Mtoto akishasoma fumbo, kabla hajakokotoa chochote, huchora kibao kwa kila kiasi kilichotajwa, kirefu kwa kiasi kikubwa na kifupi kwa kiasi kidogo, kisha huandika ndani yake anachokijua na kuweka alama ya kuuliza pale pasipojulikana. Mfano tuliouzoea ni huu: Ali ana gololi mara tatu ya alizo nazo Bakari, Ali akimpa Bakari gololi 12, watakuwa na idadi sawa, je, kwa pamoja wana gololi ngapi? Zamani nusu ya darasa ilizidisha 12 kwa 3, ikaandika 36 na kufunga daftari. Siku hizi wengi huchora vipande vitatu vya Ali na kimoja cha Bakari, wakaona kwamba ili wawili hao walingane Ali hana budi kutoa kipande kimoja tu, kwa hiyo kipande kimoja ni gololi 12, na vipande vyote vinne ni gololi 48. Siku ya kwanza nilipomwona mtoto ambaye hakuwa amepata fumbo hata moja muhula mzima akiweka kidole juu ya kile kipande kinachohama na kusema, "Kumbe ni hiki tu," nilitoka nje ya darasa kwa muda ili watoto wasinione machozi.

Watoto hao wakimaliza kwangu hupokewa na mwalimu wa darasa la sita. Kwangu yeye ni mtu mzima. Ndiye aliyenipokea nilipoajiriwa, akanifundisha kuandika andalio la somo, akanishauri hata katika mambo ya nyumbani kwangu, nami humwita Mama. Anasema watoto wangu wakifika kwake ni wazito, kwamba fumbo la dakika mbili wanalifanya kwa dakika saba kwa sababu kwanza wanatafuta rula. Yeye hufundisha kwa maneno ya kuongoza: ukiona "jumla" au "zaidi" jumlisha, ukiona "zimebaki" au "tofauti" toa, ukiona "kila mmoja" gawanya. Husema pia kwamba kwenye karatasi ya mtihani hakuna nafasi ya kuchora na kwamba msahihishaji hatoi alama kwa kibao. Siipendi njia yake, ila siwezi kusema kwamba ni mwalimu mbaya. Nimemwona mara nyingi akimwelekeza mtoto mmoja pembeni baada ya vipindi, akitembeza kidole juu ya meza kutoka huku hadi kule mpaka mtoto aelewe, na uvumilivu wa namna hiyo mimi sina. Mwalimu mkuu ametutaka tukubaliane njia moja kabla ya muhula ujao, na kwa namna alivyolisema jambo hilo nilielewa kwamba anatarajia mdogo amfuate mkubwa.

Ningeweza kuitetea michoro yangu kama nisingekuwa nimeanza kuitilia shaka mimi mwenyewe. Nina mvulana ambaye vibao vyake ni vizuri kuliko vya mtu yeyote darasani, vimenyooshwa kwa rula na kupakwa rangi mbalimbali, na ndani ya vibao hivyo mara nyingine huchora hata gololi zenyewe moja moja. Lakini jibu hapati. Nina pia msichana anayepata majibu bila kuchora chochote. Katika jaribio la mwezi uliopita nilimkata alama tatu kwa kutochora. Hakulalamika. Tangu siku hiyo huandika jibu kwanza, kisha huchora vibao vya kunifurahisha mimi, na wakati mwingine vibao hivyo havilingani hata kidogo na hesabu aliyoifanya.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipokuwa mwanafunzi niliogopa sana hisabati, na mafumbo ya sehemu sikuyaelewa kamwe mpaka nilipoonyeshwa michoro hii katika mafunzo kazini, nikiwa tayari ni mwalimu. Hadi leo, nikipewa fumbo la sehemu au uwiano, siwezi kulitatua bila kuchora. Majuma machache yaliyopita niliandika ubaoni fumbo nililolitunga mwenyewe: Asha ana shanga 40, na shanga zake ni zaidi ya za Rehema kwa robo, Rehema ana shanga ngapi? Nilichora kibao cha Asha, nikakigawa vipande vinne, nikafuta kimoja, nikaandika 30. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, robo ya nani?" Nilimjibu kwamba robo ni robo. Akasema kwa upole kabisa, "Lakini robo ya 30 si 10." Nilisimama pale nikitazama ubao, na kwa kweli sikujua kosa liko wapi. Nikafuta, nikasema tutaendelea kesho, na kesho yake nikaingia darasani na mada ya vipimo vya ujazo.

Tangu hapo najiuliza kama michoro hii ni ya watoto au ni gongo langu mwenyewe ambalo nimewalazimisha watu arobaini walishike. Je, nimfuate Mama na kuacha kuchora, au nisimame nitetee njia ambayo huenda ninaipenda kwa sababu tu inaficha udhaifu wangu?

Mwalimu Mwenye Chaki Mkononi

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwalimu, na pole kwa wiki hizo ulizobeba jambo hili peke yako.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara naona kwamba umeniuliza swali moja la kuchora au kutochora, ilhali ndani yake yamo maswali ambayo hayana jibu moja. Lipo la watoto wawili ambao mchoro haujawafaa, kila mmoja kwa sababu yake. Lipo la mtu unayemheshimu kama mzazi ambaye mnatofautiana kikazi. Na chini ya yote hayo lipo la mwalimu aliyesimama mbele ya ubao asijue kosa liko wapi. Ukiniruhusu nitaanza na hili la mwisho, kwa kuwa nadhani ndilo linaloyapa hayo mengine uzito usio wao.

Unauita mchoro gongo, kana kwamba anayejua hisabati kweli hutembea bila kitu mkononi. Je, una hakika? George Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria ambaye kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu kutatua maswali ya hisabati bado kinasomwa na walimu, alipanga kazi ya kutatua swali katika hatua nne, yaani kulielewa, kupanga njia, kuitekeleza na kutazama nyuma. Na katika hatua ya kwanza kabisa, ile ya kuelewa, alishauri mtu achore. Alikuwa akiwaambia hayo watu waliopenda hisabati, wakiwemo wanafunzi wake wa chuo kikuu. Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika katika miaka ya 1960 kwamba tunayafahamu mambo kwa vitendo, kwa picha na kwa alama, na kwamba mtu mzima aliyekwisha kufika kwenye alama anabaki na hizo njia nyingine mbili za kurejea pale alama zinapomwishia. Sasa wewe ulifundishwa mafumbo ya sehemu kwa alama tupu, picha ukaipata ukubwani. Unayoyaita udhaifu wako huenda ni hatua uliyorukishwa ukiwa mtoto, ukairudia mwenyewe baadaye, tena ukiwa umekwisha kuwa mwalimu.

Hebu tulitazame fumbo lako la shanga kwa makini. Ulianza na kibao cha Asha kwa sababu ndiye aliyepewa namba, na hilo hufanywa na wengi. Lakini fumbo linasema Asha anamzidi Rehema kwa robo, kwa hiyo robo hiyo inapimwa kwa Rehema. Kibao cha Rehema ndicho kinachotakiwa kuchorwa kwanza na kugawanywa vipande vinne. Cha Asha kinakuwa na vipande hivyo vinne na kimoja cha ziada, jumla vitano. Vipande vitano ni shanga 40, kipande kimoja ni shanga 8, na Rehema ana shanga 32. Yule mtoto hakukuambia haya, lakini alikuwa ameyashika kwa mkia alipouliza robo ya nani.

Jiulize kosa hilo lilitoka kwenye mchoro au lilitoka kwenye sentensi. Mtu anayetumia herufi badala ya kibao angeweza kabisa kuandika kwamba shanga za Rehema ni 40 kutoa robo ya 40, akapata 30 ileile, na mistari yake ingependeza kiasi kwamba pengine hakuna mtoto ambaye angeinua mkono. Kosa lako lilionekana kwa sababu ulilichora. Kwenye ubao palikuwa na kibao kilichokatwa, na mtoto wa dawati la nyuma aliweza kukitazama na kuhoji kimekatwa kutoka kwa nani. Huyo ni mwanafunzi wako uliyemfundisha kwa vibao, mwalimu, naye alitazama nyuma kama Pólya alivyotaka, akalijaribisha jibu na kuliona halisimami.

Hata hivyo sitaki kukufariji kupita kiasi. Mtu aliyeokolewa na njia fulani huwa na tabia ya kuiona hiyo ndiyo njia pekee, nami nashuku kidogo kwamba hilo limekupata. Vibao vinafaa sana kwa mafumbo ya kulinganisha, ya sehemu na kitu kizima, ya uwiano na ya asilimia, lakini havifai kila mahali. Chukua fumbo la baiskeli 10, baadhi za magurudumu mawili na nyingine za magurudumu matatu, zenye jumla ya magurudumu 24. Kibao hapa kitamchosha mtoto bure. Akichora viduara 10 na kukipa kila kimoja magurudumu mawili, atatumia 20, atabaki na manne ya kugawa moja moja, na ataona kwamba za magurudumu matatu ni nne. Au chukua nguzo 10 zilizosimamishwa katika mstari, kila moja ikiwa mita 5 kutoka kwa jirani yake, na swali ni umbali kutoka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho: anayechora mstari na vitone ataona nafasi tisa na kupata mita 45, ilhali aliyekariri kuzidisha ataandika 50 bila wasiwasi. Ukiwa na michoro ya aina tatu au nne mkononi, na ukiwa na mazoea ya kuandika herufi ndani ya kile kipande kisichojulikana ili wewe mwenyewe uanze kuizoea taratibu, huenda hofu yako ikapungua. Huenda pia isipungue upesi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wewe uliumwa mapema.

Tuje kwa watoto wako wawili. Mwaka 1999 watafiti Mary Hegarty na Maria Kozhevnikov walichapisha utafiti kuhusu wavulana wa shule ya msingi na namna wanavyoyawaza mafumbo ya hesabu kwa picha. Walitenganisha picha za aina mbili: zile zinazoonyesha vitu vilivyo, sura zake na madoido yake, na zile zinazoonyesha uhusiano uliopo kati ya viasi. Waliotumia za aina ya pili walielekea kufaulu zaidi katika mafumbo. Waliotumia za aina ya kwanza walielekea kufanya vibaya kuliko wenzao. Mvulana wako mwenye rangi anachora gololi. Anafanya kwa bidii kile anachodhani umekiomba. Ningependa siku moja umnyang'anye rula, kwa upendo, umpe penseli isiyochongwa vizuri na karatasi iliyokwisha kutumika upande mmoja, kisha umuulize maswali mawili tu kabla hajaandika namba: nani ana zaidi, na umejuaje? Kama hawezi kujibu, basi tatizo lake liko kwenye kusoma fumbo, wala vibao vingine mia havitamsaidia. Anaweza kuhitaji kurudi nyuma zaidi ya mchoro, kwenye vizibo au vijiti anavyoweza kuvisogeza kwa mkono, akampa Bakari kwelikweli na kuhesabu kilichobaki kwa Ali.

Yule msichana ndiye aliyenigusa zaidi katika barua yako. Ulipomkata alama tatu ulikuwa na dhana, ambayo sioni kama uliijaribu, kwamba asiyechora haoni. Yawezekana anaona bila karatasi. Yawezekana pia anabahatisha kwa ustadi, au anatumia maneno ya kuongoza ambayo kwa mafumbo ya sasa bado yanamtosha. Huwezi kujua ipi ni kweli kwa kutazama daftari lake, hasa sasa ambapo amejifunza kukuchorea unachotaka kuona. Vibao visivyolingana na hesabu yake ni ushuru anaoulipa ili apite, na mchoro unaochorwa baada ya jibu hauwezi kumsaidia mtu kufikiri.

Njia ziko kadhaa, na kila moja ina bei yake. Unaweza kumwacha asichore. Hatari ni kwamba atakapokutana na fumbo ambalo kichwa hakilimudu, la uwiano wa watu watatu kwa mfano, hatakuwa na pa kushika. Unaweza kuendelea kumtaka achore; hatari umekwisha kuiona. Unaweza kumpa kazi ya kumweleza mwenzake aliyekwama, bila kutaja jibu, na hapo ndipo watoto wa namna yake mara nyingi hugundua wenyewe kwamba wanahitaji kuchora kitu. Lakini si kila mtoto mwepesi anapenda kufanywa mwalimu mdogo, na ukimlazimisha utakuwa umebadilisha ushuru mmoja kwa mwingine. Na ukitaka kumrudishia zile alama tatu, wapo watakaokuja na madaftari yao wakidai zao. Sitakuamulia hilo. Nakuuliza tu, alama zile zilikuwa zinapima nini: hisabati yake, au utii wake kwa njia yako?

Sasa Mama yako. Kwenye hoja ya maneno ya kuongoza niko upande wako, na nitasema kwa nini, ili usidhani nakubali kwa adabu tu. Mpe mtoto fumbo hili: Juma ana vitabu 15, navyo ni 5 zaidi ya vitabu vya Sara, Sara ana vitabu vingapi? Neno "zaidi" linamwita ajumlishe, naye ataandika 20, wakati Sara ana vitabu 10. Yapata mwaka 1980 watafiti wa Grenoble nchini Ufaransa waliwauliza watoto wa shule ya msingi swali la makusudi lisilo na jibu: merikebu imebeba kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97, watoto 76 walitoa jibu kwa kuzichanganya namba walizopewa. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamefundishwa kwamba ndani ya kila fumbo kuna namba na neno, na kazi yao ni kuviunganisha upesi.

Lakini msikilize Mama tena, maana katika maneno uliyoyanukuu sikuona mahali aliposema kwamba watoto wasifikiri. Amesema ni wazito, wanatafuta rula, muda unawaishia. Kwa mtu anayewapokea watoto mwaka mmoja kabla ya mtihani wao wa mwisho, au hata miwili, malalamiko hayo ni ya haki kabisa, na baadhi yake yanahusu rula kuliko michoro. Kibao cha mkono mtupu, kilichopinda, chenye vipande visivyolingana vizuri, huchukua sekunde kumi na kinafaa kwa ukingo wa karatasi yoyote. Je, umewahi kuwafundisha watoto wako kuchora vibaya kwa makusudi? Na je, umewahi kuwaambia ni lini wasichore?

Kuna jambo jingine ambalo wanaoshangilia michoro hii hulisahau. Njia ya vibao, kama inavyofahamika leo, ilitengenezwa Singapuri mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kikundi cha Wizara ya Elimu kilichoongozwa na Kho Tek Hong, kwa ajili ya watoto waliojua kukokotoa lakini wakakwama kwenye mafumbo. Nchi hiyo ilipoongoza katika hisabati kwenye ulinganisho wa kimataifa wa TIMSS wa mwaka 1995, walimu wa mataifa mengine walikimbilia vibao, na sehemu nyingine ya habari ikaachwa: watoto wa huko walianza na vitu vya kushika, wakafika kwenye picha, kisha alama, kwa vitabu vilivyofuatana na walimu waliokuwa wakivuta kamba upande mmoja, darasa hadi darasa. Mtoto wako anapewa vibao darasa la tano, kisha darasa la sita anaambiwa aviache. Hata kama wewe ndiye mwenye njia bora, yeye anapata nusu yake, na nusu ya njia bora inaweza kumchanganya kuliko njia nzima ya kawaida. Kwa hiyo mwalimu mkuu hajakosea kutaka mkubaliane, ingawa namna ya kukubaliana ni jambo jingine.

Ukimfuata Mama kabisa, utalinda uhusiano ambao ni wazi unauthamini, na mtoto aliyesema "kumbe ni hiki tu" atakuwa wa mwisho wa aina yake katika chumba chako kwa muda usiojulikana. Ukisimama na kutetea njia yako mbele ya kikao, unaweza kushinda hoja, kwa sababu hoja unazo, lakini utakuwa umemshinda mtu mzima mbele ya watu, naye ndiye atakayewapokea watoto hao. Sijui kama ushindi huo utafika darasa la sita. Ipo pia njia ya kutokubaliana juu ya mchoro hata kidogo, mkakubaliana juu ya maswali: kwamba kwa darasa la tano na la sita, kila mtoto kabla ya kukokotoa aseme ni viasi gani vinalinganishwa, kipi kikubwa, na nini hakijulikani, awe amechora, ameandika au amesema kwa mdomo. Hiyo nayo ina udhaifu wake. Makubaliano mapana kama hayo ni rahisi kuyakubali na rahisi zaidi kuyasahau, na baada ya wiki tatu kila mmoja anaweza kuwa amerudi alikokuwa.

Lolote utakaloelekea, naona heri umwendee kabla ya kikao, nyumbani au mnapopumzika, na usimpelekee hoja. Mpelekee madaftari: la mtoto aliyeelewa, la yule mwenye rangi, na la msichana wako, ukimweleza na lile la alama tatu. Mtu aliyekulea kikazi atakusikia vizuri zaidi ukimletea shida kuliko ukimletea utetezi. Unaweza hata kumwambia kuhusu shanga. Hilo ni lako kuamua, maana siri ya mtu ni yake, lakini sidhani kwamba mwalimu wa umri wake hajawahi kufuta ubao mapema kuliko alivyopanga.

Na ukiwa naye, muulize kuhusu kidole chake. Uliandika, kwa kupita tu, kwamba anapomwelekeza mtoto aliyekwama hutembeza kidole juu ya meza kutoka huku hadi kule mpaka mtoto aelewe. Mwombe akuelekeze lile fumbo la gololi za Ali na Bakari namna hiyohiyo, kisha utazame kidole kinaanzia wapi, kinasimama wapi, na kinarudi mara ngapi. Huenda ukakuta ni kitu kingine kabisa. Huenda ukakuta amekuwa akichora vibao miaka yote hiyo, juu ya meza, mahali ambapo havihitaji rula.

Barua yako imeishia kwenye kikao na muhula ujao, nami nimekufuata huko. Lakini yule mvulana wa dawati la nyuma aliuliza robo ya nani, akajibiwa kwa vipimo vya ujazo, na hadi unapoisoma barua hii hakuna aliyemwambia kwamba Rehema ana shanga 32.